Sumukuvu: kutoka ndevu za mahindi hadi saratani ya ini

Aspergillus flavus, kuvu anayetengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini, hahitaji mahindi wala karanga ili aishi. Makao yake ni udongo, na chakula chake cha kila siku ni mabua yanayooza, magunzi yaliyotupwa shambani, majani makavu na wadudu waliokufa. Kiangazi kikiwa kikali hujikusanya katika vidonge vyeusi vigumu, akasubiri unyevu urudi. Mmea wenye afya humzuia bila taabu kubwa. Mmea uliochoshwa na ukame na kutobolewa na wadudu humpa mlango, na akishaingia kwenye punje ndipo sumu inapoanza.

Jambo hili husahaulika upesi. Ushauri mwingi kuhusu sumukuvu huanzia ghalani: kausha vizuri, panga magunia juu ya mbao, tumia mifuko isiyopitisha hewa. Ni ushauri mzuri, ila unachukulia kwamba mavuno yamefika nyumbani yakiwa safi, na mara nyingi sivyo. Aflatoksini ni ugonjwa wa mmea kwanza, uzembe wa ghala baadaye, na saratani mwishoni kabisa, pengine miongo kadhaa tangu ukungu ule ulipoota kwenye gunzi.

Shambani

Kwa mahindi, kipindi cha hatari huanza ndevu zinapotoka. Spora za kuvu, yaani chembe zake za kuzaliana, hupeperushwa hadi kwenye ndevu mbichi, zikaota, na nyuzi zake zikateremka taratibu kuelekea punje changa. Msimu wenye mvua ya kutosha, safari hiyo aghalabu huishia njiani. Lakini mvua ikikatika wakati wa mbelewele na wa kujaza punje, joto likipita nyuzi 30 na usiku usipoe, mmea hupungukiwa kinga huku kuvu akizidi kunawiri, kwa sababu huyu hupenda joto kuliko kuvu wengi wa mazao. Bungua na viwavi wa gunzi humsaidia mara mbili: hubeba spora mwilini, na hupasua ngozi ya punje. Ndiyo maana ukungu wa kijani-njano huonekana kwanza kwenye ncha ya gunzi ambako maganda yamefunguka, au pembeni mwa matundu ya wadudu.

Karanga ziko pabaya zaidi, kwa kuwa hukulia ndani ya udongo wenyewe. Wiki 4 hadi 6 za mwisho kabla ya kuvuna ndizo zinazoamua. Mbegu changa yenye maji ya kutosha hutengeneza kemikali za kujilinda. Udongo ukikauka, mbegu hupoteza maji na uwezo huo ukakoma, lakini unyevu uliobaki bado unamtosha kuvu. Ukame wa mwisho wa msimu hurefusha kipindi hicho ambacho mbegu haina kinga na bado haijakauka. Jembe likikwaruza ganda katika palizi ya mwisho, au mchwa wakilikwangua, matokeo ni yale yale hata kama mvua ilikuwa nzuri.

Halafu si kila Aspergillus flavus ana sumu. Wapo wasiotengeneza hata chembe, na wapo wanaotengeneza kwa wingi wa kutisha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, wagonjwa 317 waliodhuriwa na aflatoksini waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa, hasa Makueni na Kitui. Wachunguzi walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa katika eneo hilo, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kilo, na asilimia 7 zilipita 1,000. Kuvu aliyetawala mahindi hayo alikuwa wa kundi lenye vidonge vidogo sana na uwezo mkubwa wa kutengeneza sumu. Tanzania nayo ilipigwa mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Hiyo ni sumu ya ghafla, inayoleta macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa maji na ini kushindwa kazi katika siku au wiki chache. Saratani haiji hivyo. Huletwa na dozi ndogo inayoliwa kila siku kwa miaka, bila dalili yoyote ya kumshtua mlaji.

Ndani ya ini

Sayansi ya aflatoksini ilianza kwa ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ukafuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Sumu iliyotolewa humo ilipowekwa chini ya taa ya urujuanimno iling'aa kwa rangi mbili, samawati na kijani, na hadi leo familia zake mbili zinaitwa B na G kwa rangi hizo, blue na green kwa Kiingereza. B1 ndiyo kali kuliko zote.

B1 ikiwa kama ilivyo haiharibu sana. Kinachoifanya kuwa kisu ni juhudi ya ini kuiondoa. Vimeng'enya vya ini, ambavyo kazi yake ni kugeuza sumu ili zitoke kirahisi kwenye mkojo au nyongo, huiongezea oksijeni na kuzaa umbo lenye uchu mkubwa wa kushikamana na kitu chochote kilicho jirani. Sehemu kubwa hunaswa na kutolewa salama. Inayoponyoka hujibandika kwenye DNA, maandishi ya urithi ya seli, hasa kwenye herufi G. Seli ikijigawa kabla ya kukarabati palipobandikwa, nakala hukosewa: pale palipokuwa na G panaandikwa T.

Makosa ya namna hii hutokea kila siku na mengi hayana madhara. Lipo moja lenye uzito wa pekee. Jeni TP53 huzuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaliana. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na lingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta uvimbe mwingi wa saratani ya ini una kosa lile lile, mahali pale pale: kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 249 ya TP53, G imegeuka T. Katika sehemu ambazo watu hawali sumukuvu nyingi, kosa hilo ni nadra. Ni mara chache sana saratani kuacha alama inayoonyesha kilichoileta kwa usahihi kiasi hicho.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika ushahidi huu, ingawa haitajwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kilipimwa Uganda, na vilevile katika wilaya ya Murang'a nchini Kenya, ambako watafiti walilinganisha maeneo ya nyanda za juu, za kati na za chini. Kadiri walivyoshuka kuelekea kwenye joto, aflatoksini kwenye chakula ilipanda, na saratani ya ini ikapanda nayo.

Mtu makini atauliza: je, nyanda za chini hazikuwa pia na homa ya ini B, ambayo kirusi chake nacho huleta saratani ya ini? Swali ni la haki, na lilijibiwa Shanghai. Wanaume zaidi ya 18,000 walitoa mkojo na damu, kisha wakafuatiliwa. Waliokuwa na alama za aflatoksini kwenye mkojo bila kirusi walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya wasio na kimoja kati ya viwili hivyo. Waliokuwa na kirusi cha homa ya ini B peke yake, mara 7. Waliokuwa na vyote viwili, karibu mara 60. Hesabu hiyo si ya kujumlisha. Kirusi hulazimisha seli za ini zife na kuzaliwa upya bila kupumzika, na kila seli inapojigawa huku DNA yake imebandikwa aflatoksini, nafasi ya kukosea nakala huongezeka.

Hivyo chanjo ya homa ya ini B, ambayo Kenya na Tanzania ziliiingiza katika chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kinga dhidi ya sumukuvu pia. Kizazi kilichozaliwa kabla ya hapo hakikuipata utotoni, na kipimo cha kirusi hicho kina maana kubwa zaidi kwa mtu aliyekulia ugali na karanga kuliko kwa mwingine. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalisema aflatoksini inahusika na saratani za ini kati ya 25,200 na 155,000 kila mwaka duniani. Upana wa makadirio hayo unatokana na uchache wa vipimo vya chakula na vya damu katika nchi zinazoathirika zaidi.

Kuvu wa pili, ushahidi dhaifu zaidi

Ukungu mweupe wenye wekundu wa waridi kwenye gunzi ni wa kuvu mwingine, Fusarium verticillioides. Huyu anaweza kuishi ndani ya mmea wa mahindi tangu mbegu hadi mavuno bila kuonekana. Sumu yake, fumonisini, ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, wakati watafiti wakitafuta sababu ya saratani ya umio kuwa nyingi mno katika eneo la Transkei nchini humo. Sumu hiyo huua farasi kwa kuharibu ubongo, na huvuruga utengenezaji wa mafuta ya utando wa seli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka fumonisini B1 katika kundi la 2B, yaani inawezekana inasababisha saratani kwa binadamu. Aflatoksini iko kundi la 1, pamoja na tumbaku, ambalo halina "inawezekana".

Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda unaofuata Bonde la Ufa kutoka Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi, na humpata hata kijana. Fumonisini inashukiwa, lakini katika foleni moja na chai ya moto mno, moshi wa jikoni, pombe na tumbaku. Anayesema mahindi ndiyo yanayoleta saratani ya umio anautangulia ushahidi. Viwango vya Afrika Mashariki vyenyewe vinaonyesha tofauti ya uzito: fumonisini inaruhusiwa hadi mikrogramu 2,000 kwa kilo ya mahindi, aflatoksini zote kwa pamoja 10 tu, na B1 peke yake 5.

Ghalani, na kosa la chumvi

Kuvu huacha kukua punje ikikauka kufikia unyevu wa asilimia 13 kwa mahindi, na 7 kwa karanga zilizobanguliwa. Tofauti hiyo huwakanganya wengi. Karanga ni mafuta karibu nusu, na mafuta hayashiki maji. Kwa hiyo maji yale machache yaliyomo yamejaa kwenye sehemu isiyo mafuta, na kuvu huyapata. Karanga zenye asilimia 10 zinagonga kavu mkononi, na bado zinavunda.

Kipimo cha chumvi kinajulikana sana: weka mahindi hadi theluthi ya chupa kavu, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Tatizo ni kwamba chumvi huganda unyevu ukizidi asilimia 15 hivi. Mahindi yenye 14 hufaulu kipimo na bado hayajafika 13. Chumvi isipoganda, anika siku nyingine mbili za jua kali ndipo uhifadhi. Na chumvi yenyewe ikiwa imeshika unyevu, itaganda hata kwa mahindi makavu, hivyo ikaange kidogo kwanza.

Kuanika juu ya udongo mtupu huirudishia punje spora na unyevu wa usiku. Turubai au kichanja hutatua yote mawili, mradi mavuno yafunikwe kabla ya umande. Gunia lililoegemea ukuta hupata maji ya ukungu wa asubuhi upande mmoja, na sumu huanzia hapo hapo. Dumuzi wakiingia, kupumua kwao huongeza joto na unyevu katikati ya gunia, hata kama lilifungwa likiwa kavu. Mifuko isiyopitisha hewa huwaua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, lakini haikaushi punje na haiondoi sumu iliyokwisha ingia. Ukifungia mahindi mabichi humo, utafungua yaliyochacha.

Desturi ya kunyunyizia karanga maji ili zibanguke kirahisi, au ili zipande kwenye mzani, inastahili kupigwa vita kuliko nyingine yoyote katika biashara hii. Siku chache ndani ya gunia lililofungwa zinatosha kuharibu kazi ya msimu mzima.

Gunia lililofaulu asubuhi na kufeli jioni

Wafanyabiashara hulalamika kwamba mzigo uliopita maabara moja umekataliwa na nyingine, na hudhani kuna rushwa. Inawezekana, lakini hesabu yenyewe inatosha. Karanga moja ina uzito wa nusu gramu hivi. Zimewahi kukutwa karanga moja moja zenye zaidi ya mikrogramu milioni 1 kwa kilo, yaani elfu moja ya uzito wake ni sumu. Karanga ya namna hiyo ina mikrogramu 500. Iweke kwenye gunia la kilo 50 la karanga safi kabisa, na gunia zima limefika mikrogramu 10 kwa kilo, ukomo wa sheria, kwa sababu ya punje 1 kati ya 100,000. Mpimaji akichota gramu 200 juu ya gunia amepata punje 400. Nafasi yake ya kuigusa ile moja ni 1 kati ya 250. Mara 249 gunia hilo litaonekana halina sumu hata kidogo.

Kwa hiyo sampuli huchukuliwa kwa bomba la kuchomea, juu, katikati na chini, kutoka magunia mengi, hadi zipatikane kilo kadhaa. Kilo 5 ni kiasi cha kawaida. Zote husagwa na kuwa unga laini, unga ukachanganywa vizuri, ndipo gramu 50 zitolewe kwa kipimo. Anayepima gramu 50 za punje nzima kwanza na kusaga baadaye amerudi kwenye bahati nasibu. Taa ya urujuanimno nayo haiamui: mng'ao wa kijani-njano inaouonyesha kwenye mahindi hautoki kwa aflatoksini, bali kwa kemikali nyingine ya kuvu huyo huyo.

Jikoni

Ugali hauiui sumu hii. B1 huanza kuvunjika ikipita nyuzi 250 hivi, na sufuria ya maji haipiti 100. Kukaanga karanga hupunguza kiasi fulani, si yote. Pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwa mahindi yaliyovunda huibeba.

Kinachosaidia ni kuchambua na kukoboa. Sumu imejikusanya kwenye punje chache, basi kuondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa huondoa sehemu kubwa ya sumu kwa kupoteza sehemu ndogo ya chakula, ijapokuwa punje nzuri kwa macho inaweza kuwa nayo. Kukoboa husaidia kwa sababu kuvu hupendelea kiini na ganda la nje, hivyo sembe huwa na sumu pungufu kuliko dona ya mahindi yale yale. Hapa ushauri wa lishe na wa usalama unagongana, na jibu la busara ni kula dona ya mahindi unayoyajua yalikotoka.

Ila sumu iliyotoka kwenye sembe imeenda kwenye pumba. Pumba na mashudu hulishwa ng'ombe, na asilimia 1 hadi 6 hivi ya B1 aliyokula hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aflatoksini M1, ndani ya siku moja. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Akibadilishiwa chakula, maziwa husafika baada ya siku chache. Punje mbovu zilizochambuliwa zisipewe kuku wala zisigeuzwe karanga za kusaga za bei rahisi. Anayetengeneza unga wa lishe wa mtoto kwa mahindi na karanga anachanganya mazao mawili yenye hatari kubwa kuliko yote, kwa mlaji mwenye mwili mdogo kuliko wote, na hapo uchambuzi wa punje kwa punje si anasa.

Tena, ukomo wa mikrogramu 10 ni wa chakula, hauhesabu wingi wa mlo. Mtu anayekula nusu kilo ya unga kwa siku humeza mikrogramu 5 kila siku kutoka kwenye unga uliofaulu kisheria.

Kumtuma kuvu dhidi ya kuvu

Njia inayoanzia pale ugonjwa unapoanzia ni ile ya kujaza shamba kwa Aspergillus flavus asiye na sumu. Peter Cotty wa idara ya kilimo ya Marekani aliiendeleza kwenye pamba ya Arizona, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, ikaileta Afrika kwa jina Aflasafe. Kila nchi hutumia kuvu waliopatikana katika udongo wake; Kenya iliidhinisha Aflasafe yake, KE01, mwaka 2015, na Tanzania ina TZ01. Hupakwa juu ya mtama uliokaangwa ili usiote, na mtama ndio chakula chao cha kuanzia.

Kipimo ni kilo 4 kwa ekari, hurushwa kwa mkono wiki 2 hadi 3 kabla ya maua. Ukiwahi mno, kuvu hutawanyika kabla ndevu hazijatoka. Ukichelewa, wenye sumu wamekwisha shika nafasi. Udongo uwe na unyevu, kwani juu ya vumbi kavu mtama hulala bila kuota ukungu huku ndege, panya na chungu wakiula. Palizi na mbolea ya kukuzia vimalizike kabla, maana kupalilia baadaye huufukia mtama na spora hazipeperuki. Ikifanyika sawasawa, aflatoksini hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na kinga hiyo huendelea hadi ghalani kwa sababu kuvu waliopanda na punje ni wale wasio na sumu.

Kwa mkulima mdogo kikwazo ni bei, tena mnunuzi wa sokoni halipi zaidi kwa mahindi asiyoweza kuyatofautisha kwa macho. Vilevile Aflasafe hushindana na Aspergillus peke yake. Fusarium haimgusi, na shamba lililotibiwa kikamilifu dhidi ya aflatoksini linaweza kutoa mahindi yanayokataliwa kwa fumonisini, hasa pale bungua hawakudhibitiwa.